Disney World na watoto: anza kupanga kwa kumwangalia aliye mdogo

Wazazi wengi wakianza kupanga safari ya Disney World wanaanza na "tutaona nini", wanafungua video usiku kucha wanaandika kila bembea na kila onyesho, mwisho wa siku wana orodha ambayo hata mwanariadha hawezi kuimaliza. Mi nakushauri anza na mtoto aliye mdogo kuliko wote kwenye msafara. Ana miaka mingapi, ana urefu gani, bado analala mchana au ameacha, akitembea nusu saa analalamika? Ukishajua hayo basi siku, hoteli, tiketi na hata msosi utavipanga kirahisi, maana kule mwenye kuamua kwamba siku imeisha sio baba mwenye kadi ya benki, ni yule wa miaka minne akishaanza kulia.

Afu ujue ukubwa wa kitu chenyewe kabla hujataja bajeti. Disney World iko Florida nje kidogo ya Orlando, na eneo lote ni kama kilomita za mraba 100, yaani ni mji. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 ikiwa na bustani moja tu ya mabembea, Magic Kingdom, hiyo yenye kasri mnayoiona kwenye picha. EPCOT ikaja 1982, Hollywood Studios 1989, Animal Kingdom 1998. Bustani zote nne ziko mbalimbali, huwezi kutoka moja kwenda nyingine kwa miguu na mtoto begani labda kati ya EPCOT na Hollywood Studios na hapo napo ni mwendo. Kuna bustani mbili za maji, Typhoon Lagoon na Blizzard Beach, zina tiketi yake, na kuna Disney Springs ambako ni maduka na migahawa, pale kuingia bure na kupaki gari bure. Kwahiyo mtu akikwambia tutaenda siku mbili tumalize yote, mwache atangulie.

Siku ngapi sasa? Hesabu ya kawaida ni siku moja kwa kila bustani, ila kwa mwenye watoto wadogo mi naona hiyo hesabu haifai. Kama watoto wako wako chini ya miaka sita au saba wape Magic Kingdom siku mbili, ndiyo yenye mabembea mengi ambayo mtoto mchanga kabisa anapanda akiwa mapajani kwa mama, halafu Animal Kingdom siku moja fupi, na hapo katikati weka siku nzima ya kukaa hotelini kuogelea bila tiketi yoyote. Hollywood Studios mnaweza kuiacha kabisa na hakuna atakayekosa kitu. Ukiwa na vijana wa miaka kumi na mbili kwenda juu geuza, Hollywood Studios na EPCOT ndo watakazozikumbuka, Magic Kingdom siku moja inatosha. Ile siku ya mapumziko watu huwa wanaikata wakiona bei ya safari ("tumelipa hela yote hii halafu tulale?"), usiikate, bila hiyo, ikifika siku ya nne wote mnanuna.

Tarehe ndo inabeba gharama kuliko kitu chochote. Tangu 2018 tiketi zinauzwa kwa tarehe, kila siku na bei yake. Kwa bei za 2025 tiketi ya mtu mzima ya siku moja ilianzia dola 119 siku za chini na Magic Kingdom wiki ya Krismasi ilifika dola 199, na hapo kodi haijaongezwa. Siku zenye watu wengi zinajulikana: Krismasi mpaka mwaka mpya, Pasaka, likizo za shule za Marekani za mwezi wa tatu, wiki ya Thanksgiving mwezi wa kumi na moja, na zile wikiendi ndefu kama ya Presidents' Day mwezi wa pili. Siku zenye afadhali ni katikati ya Januari hivi baada ya wageni wa mwaka mpya kuondoka, na mwisho wa Agosti mpaka Septemba shule za kule zikishafunguliwa. Ila Septemba ina lake jambo, msimu wa vimbunga Florida ni kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba, na joto lake ni lile la kukufanya ubadilishe shati mara mbili kabla ya mchana. Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, mi ningesema wiki ya mwisho ya Januari, ubaya wake ni kwamba asubuhi kuna baridi kidogo na baadhi ya mabembea huwa yamefungwa kwa matengenezo, kwahiyo angalia kwanza yale mnayoyataka kabla hujakata tiketi.

Kuna ujanja mmoja wa tarehe wengi hawaujui. Kuanzia Agosti mpaka mwisho wa Oktoba Magic Kingdom inakuwa na sherehe za Halloween usiku, zina tiketi yake ya pembeni, na siku hizo wenye tiketi ya kawaida wanatolewa mapema jioni. Kwasababu hiyo watu wanazikwepa, mchana foleni zinapungua. Mwenye mtoto anayelala saa mbili usiku anakosa nini hapo? Fataki tu, nazo mnaweza kuziona siku nyingine.

Umri kwenye tiketi uko hivi: chini ya miaka 3 bure, miaka 3 mpaka 9 tiketi ya mtoto, miaka 10 kwenda juu anahesabika mtu mzima. Tofauti ya mtoto na mkubwa ni ndogo sana, dola chache, usihangaike kuwahi kabla hajatimiza kumi. Ila kuwahi kabla hajatimiza mitatu hiyo ni hela ya maana, tiketi nzima ya siku zote unaiokoa na kwenye bufee pia hawamlipishi. Na bei kwa siku inashuka kadri siku zinavyoongezeka, siku ya nne na ya tano inaongeza kidogo tu kuliko ya kwanza na ya pili. Ile nyongeza inayoitwa Park Hopper ya kuingia bustani zaidi ya moja kwa siku, ukiwa na watoto wadogo achana nayo, hamtahama, mtakuwa mmelala.

Kwa wanaotoka nje ya Marekani, viza kwanza kila kitu baadaye. Usilipie hoteli isiyorudisha hela wala tiketi za bustani wakati hujui siku ya usaili ubalozini, na kila mtoto anahitaji pasipoti na viza yake hata awe wa miezi mitatu. Masharti yanatofautiana nchi na nchi na yanabadilishwa, kwahiyo soma tovuti ya ubalozi wenyewe sio maneno ya shemeji.

Hoteli sasa, hapa ndo ubishi wa wanandoa unapoanzia. Kulala ndani ya Disney au nje? Hoteli za ndani ziko madaraja matatu, za bei ya chini ni kama Pop Century, Art of Animation na zile tatu za All-Star, za katikati ni kama Caribbean Beach na Coronado Springs, na za juu ni kama Contemporary, Polynesian na Animal Kingdom Lodge ambako unaamka unaona twiga nje ya dirisha (ukikodi chumba cha upande huo, na hicho bei yake imechangamka). Ukilala ndani unaingia bustani yoyote nusu saa kabla ya wengine kila siku, mabasi bure, kupaki gari kwenye bustani bure, na unapata kubuku njia za haraka (zile za kulipia ili usipange foleni ndefu, nitazieleza chini) siku 7 kabla ya kufika wakati wa nje wanasubiri siku 3. Hiyo nusu saa ya asubuhi usiidharau, kwa mabembea yenye foleni ndefu inaokoa zaidi ya saa nzima baadaye.

Nje unapata nafasi. Mji wa jirani wa Kissimmee na pembeni yake kuna nyumba za kukodi zenye vyumba vinne vitano, jiko, mashine ya kufulia na bwawa lake, na familia yenye bibi, shangazi na watoto watano ikigawana inatoka nafuu kuliko vyumba vitatu vya hoteli. Ila lazima gari, kupaki unalipa kila siku, na unaongeza saa nzima ya kwenda na kurudi. Msimamo wangu: mkiwa watu wanne au watano na mtoto anayelala mchana, chukua hoteli ya ndani ya bei ya chini, hasa Pop Century au Art of Animation, kwasababu ziko kwenye laini ya Skyliner, vile vibehewa vya kwenye kamba juu kwa juu vinavyokwenda EPCOT na Hollywood Studios, hakuna kusubiri basi na watoto wenyewe wanaona ni bembea ya bure. Art of Animation ina vyumba vya familia vya watu sita vyenye jiko dogo. Mkiwa zaidi ya saba tafuta nyumba.

Kutoka uwanja wa ndege wa Orlando lile basi la bure la Disney lilishaondolewa Januari 2022, bado kuna posti za zamani zinalitaja zisikudanganye. Ni basi la kulipia, Uber au gari la kukodi. Na sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 kushuka chini akae kwenye kiti chake cha gari, kwahiyo ulizia kiti kabla hujafika, usianze kuhangaika nacho saa nne usiku watoto wamelala juu ya mabegi.

Kitu kinachochanganya watu ni hizi njia za haraka, Lightning Lane. Zamani kulikuwa na FastPass ya bure, imekufa. Mfumo wa sasa ulianza Julai 2024 na uko hivi: kuna Multi Pass, unalipia kwa siku kwa kila mtu, unachagua mabembea matatu na muda wa kufika, ukishatumia moja unaongeza jingine kwa simu. Na kuna Single Pass, hii unalipia bembea moja moja kwa yale yanayogombaniwa zaidi kama TRON pale Magic Kingdom na Flight of Passage pale Animal Kingdom. Bei zinapanda na kushuka kwa tarehe na kwa bustani. Kununua au kutonunua? Magic Kingdom na Hollywood Studios siku za watu wengi nunua, utashukuru. Animal Kingdom hakuna haja, ukiwahi asubuhi unamaliza. Siku za chini kabisa za msimu weka hela mfukoni. Na mtoto wa chini ya miaka 3 halipiwi, anaingia na wewe.

Kabla hujalipia chochote pima urefu wa watoto, na viatu watakavyovaa, maana mabembea makubwa yana kiwango cha chini cha urefu, mlangoni kuna fimbo ya kupimia na wahudumu hawana huruma hata mtoto apigwe kilio. Slinky Dog Dash na Seven Dwarfs Mine Train ni sentimita 97, Tower of Terror 102, Space Mountain, Everest na Flight of Passage 112, TRON 122. Waambie watoto nyumbani kabisa yupi atapanda nini, mtoto akipata habari mbaya akiwa sebuleni kwenu analia dakika mbili, akiipata mbele ya bembea baada ya kusubiri siku nzima inakuwa msiba. Yasiyo na urefu ni mengi, Dumbo, Peter Pan's Flight, Pirates of the Caribbean, Haunted Mansion, ingawa hiyo ya mwisho ina giza na mizimu kwahiyo jua moyo wa mtoto wako.

Na mdogo asipofika urefu msigawane siku nzima, kuna kitu kinaitwa Rider Switch, bure kabisa. Mkifika mlangoni mwambie mhudumu mna mtoto asiyeweza kupanda, mzazi mmoja anaingia na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo, wakitoka mnabadilishana na yule wa pili anapita njia ya haraka bila kupanga foleni upya. Mara nyingi mtoto mkubwa anaruhusiwa kurudi naye, yaani kapanda mara mbili. Hiyo peke yake ni sababu ya kutoogopa kwenda na mtoto mchanga.

Ratiba ya siku, mi naamini katika asubuhi. Fika getini kabla hapajafunguliwa, saa mbili za mwanzo mnafanya kazi ya siku nzima. Ukiwa na gari na unakwenda Magic Kingdom jua kwamba ukishapaki bado hujafika, kuna ziwa mbele yako, unapanda treni ya juu au feri kuvuka, ongeza kama dakika arobaini na tano kwenye hesabu zako (wanaokuja na basi la hoteli wanashushwa mlangoni kabisa, wivu mtupu). Animal Kingdom pia anzeni na Kilimanjaro Safaris asubuhi maana wanyama mchana wanatafuta kivuli kama watu wengine, na kwa mtoto aliyezoea kuona tembo wa kweli mbugani irukeni tu mwende kwingine. Ikifika saa sita saba jua limewaka na foleni zimejaa, tokeni, rudini hotelini, mdogo alale, wakubwa waogelee, halafu mnarudi saa kumi au kumi na moja. Kipindi cha kiangazi mvua ya radi inapiga karibu kila mchana na mabembea ya nje yanasimamishwa, kwahiyo wala hamkosi kitu mkiwa kitandani.

Chakula. Wanaruhusu kuingia na chakula chako, watu hawaamini lakini ndivyo, kinachokatazwa ni pombe, chupa za glasi na barafu iliyo wazi (ya chakula cha mtoto glasi inapita). Kwahiyo vitafunwa, matunda, sandwichi, beba. Maji usinunue, nenda kaunta yoyote inayouza soda za bomba omba glasi ya maji ya baridi wanakupa bure. Kwa migahawa ya haraka agiza kwa simu kabla hamjasikia njaa, na kula saa tano au saa nane na nusu, saa sita na saba waachie wengine. Menyu zote na bei ziko kwenye programu ya My Disney Experience, kwa wenye vyakula wasivyokula someni usiku uliotangulia. Migahawa ya kukaa mezani inabukiwa siku 60 kabla na yenye jina inaisha asubuhi hiyo hiyo. Mlo mmoja ule wa kula na wahusika, Mickey na wenzake wanapita meza kwa meza, ni ghali lakini naupigia kura, unaondoa foleni nne tano za kupiga nao picha kwenye jua. Kumbuka bahashishi, asilimia 18 mpaka 20 mezani, na mkiwa sita au zaidi wanaiweka wenyewe kwenye bili, angalia usilipe mara mbili.

Kigari cha mtoto beba au kodi hata kwa mwenye miaka mitano au sita ambaye nyumbani alishakiacha, mtatembea kilomita kumi na kitu kwa siku. Kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na vile vya kuvuta vyenye magurudumu manne kama mkokoteni haviruhusiwi. Funga kitambaa cha rangi kali, wahudumu wanavihamisha na vyote vinafanana. Viatu viwe vilivyozoewa, vipya ni malengelenge. Makoti ya mvua nunua kabla ya kwenda, pawabenki mbili maana simu ndo tiketi, ramani na foleni yako, soksi za ziada. Nguo usijaze begi, hoteli zote za ndani zina mashine za kufulia za kulipia.

Mtoto akipotea: mwandikie namba yako ya simu kwenye mkono au bangili, na mfundishe kumfuata mtu mwenye beji ya jina kifuani, asitembee kukutafuta. Kila bustani ina kituo cha watoto, Baby Care Center, huko ndiko wanapelekwa, na ndiko pa kubadilisha pampasi, kunyonyeshea na kupasha chakula kwenye kiyoyozi. Siku ya kwanza mkiingia pitieni muone kilipo.

Zawadi za dukani kila mtoto mpe kadi yake yenye kiasi chake siku ya kwanza, ikiisha imeisha, utaona mtu aliyekuwa analia kila duka anaanza kugeuza lebo na kulinganisha bei. Kodi inaongezwa kaunta kwahiyo mwambie mapema kwamba doli la dola 20 halitoki kwa dola 20. Na kama ni mara yenu ya kwanza au kuna mwenye birthday pitieni ofisi ya wageni pale getini mchukue zile beji za bure, wahudumu wakiiona siku nzima wanamtakia heri kwa jina. Siku ya kuondoka usikate tiketi ya bustani hata kidogo, mabegi waachieni hotelini wanayatunza bure, nendeni Disney Springs mle, mzunguke, mpaka muda wa gari la uwanja wa ndege.